Weka samaki kwenye ndoo

Mahari ya mdogo wangu ilipokewa Jumamosi na wageni wakarudi Sengerema salama, lakini hata nilipokuwa nikiwapakulia pilau, nilikuwa bado nikimsikia bibi yake mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la awali, yule mtoto anayekaa dirishani; bibi huyo alisimama mlangoni pa darasa langu Jumanne asubuhi, pindo la khanga limelowa umande, akiniuliza: "Mwalimu, mimi ni mtu wa kutumwa na mtoto?"

Nilikuwa nimemwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia, kisha akahamia Kiswahili, nadhani ili nisipate pa kujificha. Alisema kwamba jioni iliyotangulia alikuwa akiparua samaki, mjukuu wake akasimama mbele yake, akanyoosha kidole na kusema, "Weka samaki kwenye ndoo." Hakutanguliza "bibi" wala "naomba". Nami, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, nikajibu: "Ni somo tu, bibi." Akanitazama. "Somo la kuamrisha wakubwa?" Akaenda zake.

Ni somo tu! Nimelirudia jibu hilo mpaka limenichosha. Watoto wangu wengi wa awali hufika wakiwa na Kisukuma peke yake, nami ninawafundisha Kiswahili kwa amri na vitendo, njia ya James Asher, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha San José, California, aliyeieleza katika makala yake ya mwaka 1969 baada ya kuijaribu kwa Kijapani na Kirusi. Hoja yake ni kwamba mtoto mchanga hutii "njoo" na "leta" miezi mingi kabla ya kusema lolote, kwa hiyo mwanafunzi naye asikie, atende, na asilazimishwe kusema. Nasema "simama" nikisimama pamoja nao. Baadaye nasema "simama" huku nimekaa, na hapo ndipo ninapowatambua wanaofuata magoti yangu badala ya sauti yangu. Yule wa dirishani alitenda kila kitu wiki saba bila kufungua kinywa.

Sasa naona nilipoteleza. Amri za Kiswahili zina daraja: kaa, ukae, naomba ukae. Mimi nilichukua zile fupi kwa sababu sikio changa hulinasa "kaa" upesi, nikasahau kwamba neno hilo litafika nyumbani na kumkuta bibi amekaa na kisu chake.

Alhamisi usiku, nikifua, mkono wangu ukasimama ndani ya beseni. Sikuwahi kuwafundisha kuweka samaki kwenye ndoo. Tulichoweka kwenye ndoo ni chaki. Samaki alikuwa wa kwenye picha ukutani, naye alikuwa wa kuguswa tu. Mtoto ameishona sentensi hiyo mwenyewe! Asher alisifu wanafunzi walioelewa amri mpya zilizoundwa kwa maneno waliyokwisha kuyasikia, lakini huyu ameiunda na kuitamka, tena nyumbani ambako hakuna anayemdai Kiswahili. Nilicheka peke yangu, povu mpaka viwikoni, nikajuta kwamba sikumwuliza bibi kama aliwaweka hao samaki.

Ijumaa nilianza na "naomba mkae". Nusu ya darasa walibaki wima wakinitazama, kwa kuwa masikio yao yalikuwa yakingoja "kaeni", na yule wa dirishani, ambaye hapa shuleni bado hajasema neno, alikaa wa kwanza kabisa. Jumatatu nitamwomba bibi aje atusaidie kutoa amri, kama atakubali; sijajua nitaanzaje.

Mbalamwezi nayo imeingia, wavuvi wa dagaa, ambao huwavuta kwa taa usiku wa giza, wamepumzisha taa zao, na mama yangu, aliyekopa fedha ya magunia akitarajia kuyajaza dagaa pale Mwaloni, sokoni Mwanza, kabla mwezi haujakua, hajapokea simu yangu tangu asubuhi.