Staringi ama Adui?

Juzi binti yangu alikuwa anaangalia sinema ya The Lunchbox kwenye simu yangu, akaniuliza, "Baba, huyu mzee mbona haongei?" Nikamwambia huyo ni Irrfan Khan, mwigizaji wa Kihindi aliyekuwa analipwa kunyamaza. Alifariki tarehe 29 Aprili 2020, akiwa na miaka 53, na kuna usiku mmoja pale Bondeni, Nakuru, aliwahi kuninyamazia mimi, maiki mkononi, mbele ya kibanda kizima.

Ilikuwa 2005. Kibanda chenyewe ni kile cha sinema, cha mabati, cha Mzee wa Deki. Mtafsiri wake, yule wa kueleza sinema kwenye maiki, hakutokea, na sababu yake ni hadithi ya siku nyingine. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, nasoma haraka Kiingereza cha chini ya skrini, basi nikasukumiwa maiki. Watu walikuwa wamelipa wakitarajia Kihindi cha kawaida: nyimbo, mvua, ngumi. Mzee akaweka Maqbool.

Haikuchukua muda nikaitambua hadithi. Ni Macbeth, ile tamthilia ya Shakespeare tuliyosomeshwa mpaka tukaichukia, ila Vishal Bhardwaj ameihamisha kutoka Uskoti akaipeleka kwa magenge ya Mumbai. Mfalme Duncan amekuwa Abbaji, bosi mzee anayechezwa na Pankaj Kapur. Lady Macbeth ni Nimmi, kimada wa bosi huyo, na hapo Tabu anatisha. Wale wachawi watatu wamekuwa polisi wawili, Om Puri na Naseeruddin Shah, wanaopiga ramli na kutabiri nani atapanda na nani ataanguka. Nikaanza kueleza kwamba kwenye kitabu walikuwa wachawi, lakini huku ni polisi. Makanga mmoja akanikata: "Endelea na sinema, bwana. Hapo tumeelewa hata bila wewe." Kicheko kilichofuata nusura kiangushe mabati. Sidhani kama Shakespeare amewahi kupata wanafunzi wepesi hivyo.

Tukafika usiku wa mauaji. Nimmi keshasema yake yote. Maqbool, ambaye ni Irrfan, anatakiwa amuue mzee aliyemlea. Na hasemi kitu. Skrini yote ni uso, yale macho mazito yanayoonekana kama hayajalala wiki nzima, na chini hakuna hata neno moja la kutafsiri.

"Anasema nini?" mtu akauliza.

"Hajasema."

"Basi sema wewe!"

Mtafsiri wetu angemtungia hotuba pale pale, angemfanya ataje mtaa wetu wa Kaptembwa na bei ya unga. Nilifungua mdomo. Kabla sijapata neno, mama wa njugu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, akauliza kwa sauti: "Kwani huyu ni staringi ama ni adui?"

Sheria ya kibanda kila mtu anaijua: staringi hafi. Sasa kama huyu ni staringi, anafuata nini chumbani kwa mzee aliyelala? Na kama ni adui, mbona tunamwonea huruma? Vichwa vikanigeukia. Nikautazama ule uso tena nikitafuta jibu. Woga ulikuwemo, tamaa ilikuwemo, mapenzi pia yalikuwemo, na hakuna kilichokuwa kimesogea hata nukta.

"Mwacheni," makanga akasema, "anafikiria."

Bastola ikalia, damu ikamrukia Nimmi.

Yaliyobaki niliyatafsiri mbiombio. Ule utabiri wa kitabuni wa msitu unaotembea hapa umekuwa bahari itakayoingia nyumbani kwa Maqbool, nasi watu wa ziwa la magadi tukauamini bila ubishi. Mwishoni Maqbool akapigwa risasi akafa, na wawili watatu wakadai pesa zao, maana wameuziwa sinema ambayo staringi anakufa. Mzee wa Deki alinilaumu mimi, eti sikuichangamsha. Malipo yangu yakawa soda.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba jamaa mwenyewe alikuwa amesota. Katika Salaam Bombay! ya 1988 sehemu yake ilikatwa ikabaki kidogo sana, akaishia kwenye tamthilia za televisheni, na Maqbool ilipotoka alikuwa keshavuka miaka 35. Slumdog Millionaire ya 2008 na Life of Pi ya 2012 zilikuja baadaye. Labda ule mngojeo ndio uliomfundisha kunyamaza. Labda alizaliwa hivyo tu.

Makanga alishikilia kwamba yule ni staringi, mama wa njugu akashikilia kwamba ni adui, na walibishana mpaka barabarani. Mimi nikiulizwa leo nasema staringi, halafu nakumbuka kwamba Abbaji alikuwa amelala.