Siku moja maishani mwangu: kazi ya kutunza kimya, Shimokitazawa, Tokyo

Saa nne asubuhi

Naamka. Mimi ni mwanagenzi wa fundi sauti kwenye ukumbi mdogo wa muziki, na kwa kazi yangu hii ni mapema, maana jana nimerudi na treni ya mwisho. Hapa Tokyo chumba hupimwa kwa mikeka, na changu ni cha mikeka minne na nusu: nikinyoosha mkono kutoka kitandani nafikia birika. Chai ya tangawizi, wali wa jana uliopashwa moto, basi.

Saa saba mchana

Kwenye treni ya Odakyu nafungua "Ashes in the Snow", wimbo wa kwanza wa albamu ya MONO ya mwaka 2009, *Hymn to the Immortal Wind*. Unachukua karibu dakika 12. Unaanza na vikengele vya chuma vinavyogongwa polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Gitaa moja linaingia, la pili linafuata, ngoma zinangoja. Mpaka zinapoachiwa mimi nimeshapita vituo kadhaa na sijaona hata kimoja.

Kwa asiyewajua: MONO ni bendi ya watu wanne iliyoanza hapa Tokyo mwaka 1999. Takaakira Goto, wanayemwita Taka, na Yoda wanapiga magitaa, nao hupiga wamekaa vitini, vichwa vimeinama, huku Tamaki amesimama na besi katikati. Ngoma alipiga Yasunori Takada hadi mwaka 2017, kisha akaja Mmarekani Dahm Majuri Cipolla. Hawana mwimbaji. Ilipofika mwaka 2019 ndipo Tamaki alipoimba kwa mara ya kwanza kwenye albamu yao, na kwa sauti ya chini mno. Watu huuita muziki huu posti-roki. Mimi jina hilo halinisaidii sana. Ninachojua ni kwamba umejengwa juu ya kimya, na kazi yangu ya kila siku ni kukitunza hicho kimya.

Saa nane

Nashuka ngazi za ukumbi wetu. Uko chini ya ardhi, kama kumbi nyingi ndogo za muziki za hapa, ambazo Wajapani huziita raibuhausu. "Ohayo gozaimasu!" nasalimia, yaani habari za asubuhi. Katika kazi za muziki hapa ndiyo salamu ya kuingilia kazini, hata ukifika jioni.

Nafagia, nafuta maiki, halafu nakunja waya. Kukunja waya nimefundishwa mwezi mzima. Duara moja unalipeleka juu, linalofuata unaligeuza kwa ndani, juu, ndani, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukikunja upande mmoja tu, waya unajisokota, nyuzi za ndani zinakatika kidogo kidogo, na siku moja unaanza kukoroma katikati ya wimbo. Fundi sauti wetu, mwanamama ambaye wote tunamwita PA-san, akiona waya umekunjwa vibaya hasemi neno. Anaukunjua wote na kukuwekea mbele yako.

Saa tisa alasiri

Saa ya ukutani hapa inaonyesha 3. Tunatofautiana na Unguja kwa saa sita kamili, kwa hiyo nyumbani sasa ni saa tatu asubuhi kwelikweli. Saa ya Tokyo inanisomea saa ya Kiswahili ya kwetu bila mimi kujumlisha chochote. Namwita mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Leo nani anaimba huko?"

"Leo haimbi mtu, mama. Bendi ya mwisho ni vyombo vitupu."

"Basi ni bashraf."

Ndivyo alivyosema, na amepatia. Babu yangu alikuwa mpiga fidla wa taarab, na taarab ya kwetu ikifunguliwa kwa adabu zake hufunguliwa kwa bashraf, mwimbaji bado amekaa. Vyombo vinazungumza peke yao, vinakwenda mbali, vinarudi kwenye kipande kilekile, vinakwenda tena. Nikiwa mtoto nilidhani wanangoja mtu achelewaye. Babu akaniambia, sikiliza vizuri, shughuli imeshaanza.

Saa kumi

Majaribio, au "riha". Tunaanza na bendi itakayopanda mwisho na kumaliza na itakayopanda kwanza, ili vyombo vya wale wa kwanza vibaki vimetegwa jukwaani. Bendi ya mwisho leo ni vijana watatu. Mpiga gitaa ana visanduku kumi na kimoja vya kukanyaga kwa mguu, vya kurefusha mwangwi na kuchafua sauti. Alipochomeka tu, spika ikaanza kuvuma: mmmmm. Si kubwa. Kwa bendi ya kelele ningeiacha. Kwa hawa haiwezekani, kwa sababu wimbo wao wa kwanza una dakika nzima ya noti moja moja, na uvumi ule ungezilamba zote.

Nikapiga magoti nikachomoa visanduku kimoja kimoja. Cha kwanza, unavuma. Cha nne, unavuma. Cha tisa, kile cha mwangwi, ukakatika. Kisanduku chenyewe kizima. Tatizo ni kwamba kilichangia umeme na vingine kwenye adapta moja ya bei rahisi. Nikamletea adapta yangu, nikakipa umeme wake peke yake. Kimya.

Na katika kimya kile sote tukasikia kitu kingine: grrr ya chini kutoka baa. PA-san akageuza kichwa taratibu. Mashine ya barafu.

Saa kumi na mbili

Tunakula tumekaa ngazini. PA-san ananieleza kwa nini huwasikilizisha wanagenzi wake MONO. Tangu albamu ya mwaka 2004 nyingi za rekodi zao zilirekodiwa na Steve Albini wa Chicago, mtu aliyerekodi kwa tepu za sumaku, akawaacha wanamuziki wapige pamoja chumbani kama wako jukwaani, na akaweka maiki nyingine mbali na ngoma ili chumba chenyewe kisikike. Alitoza ada ya kazi kama fundi yeyote na kukataa mgawo wa mauzo. Amefariki tarehe 7 Mei 2024. *Oath*, ya mwisho aliyowarekodia, ilitoka tarehe 14 Juni mwaka huohuo. PA-san anasema siku ile aliisikiliza ukumbini peke yake, taa zimezimwa. Hakuendelea, nami sikumuuliza.

Saa moja usiku

Bendi ya kwanza, watu kumi na wanne. Hapa kuna desturi inaitwa noruma: bendi changa hukabidhiwa idadi ya tiketi, na wasizoziuza wanazilipia mfukoni. Siipendi. Vijana wanafanya kazi dukani wiki nzima ili walipie nusu saa ya kupiga. MONO nao walikuwa bendi changa ya jiji hili. Albamu yao ya kwanza, mwaka 2001, ilitolewa New York na lebo ya rekodi ya mwanamuziki John Zorn, na tangu hapo wamezunguka dunia kuliko wanavyokaa nyumbani.

Saa tatu na dakika kumi

Nachomoa mashine ya barafu. Nazima feni. PA-san ananionyesha kidole gumba.

Noti ya kwanza. Watu thelathini na wanane, na nasikia barafu ikihama ndani ya glasi ya dada aliyesimama mbele yangu. Amesikia pia, ameikumbatia glasi kifuani kwa mikono miwili. Mpiga ngoma anagusa matoazi kwa vijiti vyenye vichwa vya pamba. Dakika ya saba gitaa linafunguka, sauti inapita kwenye saruji na kunipanda miguuni hadi mbavuni. Baadaye noti ya mwisho inafifia yenyewe, mpaka hujui kama bado ipo. Hakuna aliyepiga makofi kabla yake.

Saa tano

"Otsukaresama", pole kwa kazi, kila mtu kwa kila mtu. Nakunja waya, juu, ndani, juu, ndani. Mpiga gitaa anakuja na adapta yangu mikononi, ameifuta vumbi. Namwambia akae nayo, mwezi ujao wanapiga tena hapa. Anakata kipande cha tepu, anaandika tarehe, anaibandika juu yake.

Treni ya mwisho haiko mbali. Narudisha plagi ya mashine ya barafu, nazima taa, napanda ngazi.