Siku moja maishani mwangu: kutoka gwanda hadi kata ya mbege

Saa kumi na moja alfajiri. Paredi ziliisha nilipostaafu, ila mwili bado haujapewa taarifa. Julai huku Marangu ni baridi ya kuuma mifupa. Napasua kuni.

Saa moja. Mama watoto ndiye mpishi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, mimi kuruta wake. Ndizi mbivu tulizochemsha wiki iliyopita zimeshachacha. Tunachuja, tunachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Msesewe, lile gome chungu, anapima yeye. Niliwahi kupima mimi mara moja tu: wateja wakanywa kata moja moja wakaaga, kila mtu na mgonjwa wake wa kumwona.

Saa tatu. Redioni wanatangaza Siku ya Mashujaa, 25 Julai: silaha za jadi zinawekwa mnarani. Navua kofia. Watu hawafungi kazi siku hii, na kuni haziwezi kungoja.

Mchana napumzisha goti.

Saa kumi nafungua kilabu. Kata ya kwanza naonja mimi mbele ya wateja, ndiyo mila yetu. Asiye na imani aone. Vijana wananiita afande, hasa wanaodaiwa.

"Afande, andika."

"Daftari limejaa, mwanangu."

Anatoa pesa, huku akicheka.

Saa kumi na mbili wanataka vita ya Kagera. Nawapa daraja la Kyaka lililolipuliwa, mvua, matope, na jinsi tulivyokwenda kwa miguu siku baada ya siku. Kampala tuliingia tarehe 11 Aprili 1979, hapo wanapiga makofi. Kijana mmoja aliyesoma anauliza, "Na Lukaya, kule mgambo walikokimbia?"

Kwenye benchi la pembeni yupo mzee mwenzangu aliyekuwa mgambo. Anainamia kata yake. Namwambia kijana mbege yake inapoa, ingawa mbege haijawahi kuwa ya moto. Namjazia mzee. Hiyo siiandiki.

Saa tatu usiku nahesabu vyombo kama bunduki ghalani. Kata zilitoka 24, zimerudi 23. Natafuta chini ya meza, nje, kwenye migomba. Kumbe iko kwapani mwa mzee, amesinzia palepale. Namfunika koti. Anafumbua jicho moja.

"Lindo la nani?"

"Langu. Lala."