Kabla Kaskazi Haijakaza

Wiki hizi upepo wa Lamu haujitambui. Kusi imechoka, kaskazi bado haijashika, na katikati yake tuna maleleji, ambayo asubuhi hulilaza tanga upande huu na alasiri upande ule. Kwa sisi tunaoshindana kwa mashua, siku hizi zina kazi kubwa kuliko siku ya mashindano yenyewe, kwa kuwa chombo kilichokaa juu ya mchanga tangu kusi ilipokaza hakirudi majini kwa kusukumwa na kuombewa dua peke yake. Mbele yetu kuna mashindano ya tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida huangukia Novemba, kisha yale ya Mwaka Mpya, na Maulidi yatakuja kwa mwezi wake.

Ninaandika kuhusu maandalizi yetu kwa sababu ya jambo lililotupata msimu uliopita, na sina wa kumlaumu isipokuwa sisi wenyewe. Asubuhi ya mashindano tulitaka mashua iwe nyepesi, tukaiacha nanga pwani, tukayashusha makasia yote isipokuwa moja, na majaketi ya kujiokolea tukayafunga kwa kamba kama mzigo wa kuni, tukayasukumia omo, mbele ya chombo, ili yasitusumbue miguuni. Tulipokuwa karibu na Ras Kitau, wakati wa kupindua, yaani kugeuza chombo na tanga lake, kijana aliyeshika demani, kamba ya kuongoza tanga, alichoka mikono akaifunga kwenye mbao kwa fundo la haraka, na upepo ukazidi ghafla kabla hajapata kulifungua. Mashua ililala. Haikuvunjika wala haikutoboka. Ililala tu, ikajaa, na tanga likamfunika mmoja wetu ambaye hakuwa amevaa jaketi. Alitoka kwa sababu alipata kingo ya tanga kwa mkono akaifuata hadi mwisho. Upo wa kufulia maji, ambao haukufungwa popote, tuliuona ukienda zake na maji yanayotoka kuelekea Mlangoni, mdomo wa mkondo unaotokea bahari kuu, na sisi tukashikilia chombo kilichokuwa kinaelea shubiri moja chini ya uso wa maji mpaka wavuvi walipotufikia.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Nanga yetu haifiki kilo 12. Jaketi moja halifiki kilo moja, nasi tuko kumi. Ukiongeza makasia, upo na kamba ya akiba, mzigo wote tuliouogopa haufiki uzito wa mtu mzima mmoja. Siku hiyohiyo, tukiwa tumeondoka na mashua ambayo mbao zake hazijashiba maji, tulikuwa tukibeba chini ya miguu yetu maji ambayo nayakadiria kuwa ndoo tano za lita 20, na hizo ni kilo 100 zisizotulia, zinazokimbilia upande ule ule ambao mashua inainamia. Tuliviacha pwani vitu vya kutuokoa ili tupate wepesi, nao uzito ulikuwa unaingia kama maji kupitia nyufa ambazo tungeweza kuziziba wiki mbili mapema.

Kwa hiyo mwaka huu tumeanza na mbao. Fundi wetu ni mtu wa Matondoni ambaye mimi humwita ami, ingawa si ndugu wa baba yangu, na siku ya kwanza hakuja na nyundo wala kalafati ya kuziba nyufa; alikuja na kisu kidogo cha jikoni. Alikwenda ubao kwa ubao kutoka omo hadi tezi, akikitia kisu ncha tu, taratibu, hasa pale mlingoti unapokaa na pale mataruma, mbavu za chombo, yanapokutana na mkuku, uti wake wa chini, mahali ambapo maji ya mvua hukaa bila kukauka. Ubao mzima hukirudisha kisu. Ubao uliooza hukimeza. Kwenye ubao wa tatu kutoka chini, upande wa kushoto, kisu kiliingia karibu nusu ya kidole, ilhali rangi ya juu ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa nimeipiga mwenyewe miezi michache nyuma. Nilimuuliza alijuaje pa kukitia. Akanijibu, "Mato yangu hayaoni tena, mwanangu, lakini kidole chaona," akaushika mkono wangu akaupitisha juu ya ubao mpaka nikahisi mahali palipokuwa laini kama embe lililoiva kupita kiasi. Kipande hicho kimekatwa na kuwekwa cha mbao ngumu ya mbambakofi.

Misumari nayo ina lugha yake. Pale kutu inapotoka kwa mstari mwekundu chini ya kichwa cha msumari, ujue maji yanaingia na kutoka. Tulipata misumari kumi na moja ya namna hiyo, tukaing'oa yote. Kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta iliingizwa kwenye nyufa zote, kisha chini ikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Hata baada ya hapo kazi haijaisha, kwa kuwa mbao zilizokaukia juani kwa miezi mitatu huwa zimesinyaa, na hakuna kalafati inayoweza kufanya kazi ya maji yenyewe. Mashua inapaswa kushushwa siku kadhaa kabla ya mashindano, iachwe ivuje, ifuliwe maji, ivuje tena, mpaka mbao zivimbe na kubanana. Wapo wanaoshusha chombo asubuhi ya mashindano yenyewe na kumweka mtoto wa kufua maji tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi simwiti huyo baharia, namwita pampu.

Kuhusu kamba nitasema machache lakini kwa mkazo. Kamba za nailoni zimetupumbaza kwa sababu hazionyeshi uzee kama za usumba. Jua huzila kutoka nje: ukipitisha kiganja kikatoka na unga mweupe, hiyo imekwisha, hata kama bado inaonekana nene. Fungua nyuzi zake kidogo uangalie ndani, na angalia zaidi henza, kamba ya kupandishia tanga, pale inapopita kwenye kapi, kwa kuwa henza ikikatika foromali, mti unaobeba tanga, hushuka juu ya vichwa vya watu bila taarifa. Tumebadilisha henza yote, na ile ya zamani tumeikata vipandevipande ili mtu asije akaionea huruma na kuirudisha kazini.

Sasa majaketi. Maji yetu ni ya uvuguvugu, wakati wa kaskazi hukaribia nyuzi 28, na sote tuliogelea kabla hatujajua kusoma; ndiyo sababu tunayadharau. Lakini mtu aliyepigwa na foromali kichwani haogelei, hata kama ndiye bingwa wa kuogelea siku ya Maulidi. Wanaotengeneza majaketi huyapima nguvu ya kuelea kwa nyutoni: yale ya nyutoni 50 humsaidia tu anayejua kuogelea na ambaye bado ana fahamu zake, na yale ya nyutoni 150 yamekusudiwa kumgeuza aliyezimia uso uelekee juu. Sifongo ya ndani huchakaa kwa kukaliwa, na majaketi yetu yamekuwa mito ya kukalia kwa miaka. Tuliyachukua yote kumi hadi maji ya kifuani, kila mmoja akavaa lake, akalegeza mwili na kuegemea nyuma. Saba yaliwabeba wenyewe vizuri. Mawili yalipanda mpaka masikioni kwa sababu mikanda ilikuwa imelegea, na hayo tumeyashona upya. Moja lilizama pole pole pamoja na mwenyewe, naye akasimama akicheka, na tukacheka sote, ingawa nilipokuwa narudi nyumbani nilikumbuka kwamba ndilo lililokuwa juu kabisa ya ule mzigo tulioufunga omo.

Mwaka huu jaketi linavaliwa pwani, kabla ya mguu kuingia chomboni. Na kikoi kibaki kwenye baraza. Kikoi kilicholowa hufunga miguu kama nyavu, na sisemi hivyo kwa kukosa heshima kwa mavazi yetu, kwani mimi mwenyewe ninaandika haya nikiwa nimekivaa.

Demani ndiyo kanuni ambayo nimeiweka bila mjadala: haifungwi. Inazungushwa mara moja kwenye kigingi na mwisho wake unabaki mkononi mwa mtu, mtu mwenyewe anabadilishwa akichoka, na upepo ukizidi huachiwa tanga likapepesuka na kupoteza nguvu. Mashua hupoteza urefu wa chombo kimoja au viwili kwa kufanya hivyo. Chombo kilicholala hupoteza mashindano yote.

Na kikilala, hakiachwi. Katika mashindano ya Fastnet ya mwaka 1979, yanayotoka kusini mwa Uingereza hadi mwamba ulio karibu na Ayalandi, dhoruba ilizikuta mashua 303 zilizokuwa zimeanza safari, na mabaharia 15 wakafa. Wafanyakazi wa mashua 24 waliviacha vyombo vyao, lakini vilivyozama vilikuwa 5. Vingine vilikutwa baadaye vikielea. Yale ni maji baridi na mawimbi ambayo sisi hatuyajui, lakini jambo lenyewe ni letu pia. Mashua ya mbao iliyojaa maji huendelea kuelea, mradi farumi isiivute chini. Farumi yetu ni mifuko ya mchanga tunayoihamisha kutoka upande hadi upande tunapobisha dhidi ya upepo, na tumekubaliana ni nani wawili watakaoitupa baharini chombo kikijaa, wakati wengine wanahesabu vichwa. Kichwa kimoja cha mtu aliyeamua kuogelea kwenda kisiwa cha Manda peke yake ni kigumu kuonekana kuliko mashua iliyolala na tanga lake.

Jinsi kilivyo kigumu kuonekana tulikifahamu kwa nazi. Nazi kavu huelea ikiwa imezama sehemu kubwa, kama kichwa cha mtu, na bei yake hainiumizi. Jumamosi moja niliirusha bila kumwambia yeyote, nikapiga kelele kwamba mtu ameanguka. Wote waligeuka, wote wakaanza kuvuta kamba, na tulipomaliza kuipindua mashua hakuna hata mmoja aliyejua nazi iko wapi. Hatukuipata. Mara ya pili tulimteua mmoja ambaye kazi yake ni kunyoosha mkono kuielekea nazi na kutoondoa macho, hata akiitwa, hata akipigwa na kamba, tukaipata. Mara ya tano tulikuwa tunaikaribia nazi tukiwa tumeliachia tanga, mashua ikienda kwa pumzi yake ya mwisho, na mtu ameinama upande wa chini wa upepo kuiokota. Sasa tumefikia nazi kumi na mbili, tumepoteza tatu, na mke wangu ameanza kuuliza kwa nini tui limekuwa jepesi.

Jambo ambalo kamati za mashindano zinapaswa kulisikia kutoka kwetu manahodha ni saa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hapa kwetu hujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita tatu. Mashindano yanayochelewa, kwa hotuba au kwa kumsubiri mgeni wa heshima, huishia wakati maji yameanza kutoka kwa nguvu kuelekea Mlangoni na jua limebakiwa na saa moja tu. Chombo kinacholala wakati huo kinachukuliwa nje huku giza linaingia. Mimi napendekeza waziwazi: ikiwa saa tisa na nusu haijapigwa filimbi, mashindano yaahirishwe hadi kesho yake, na mgeni wa heshima alale Lamu, hatajuta. Boti ya injini ya uokoaji iwepo, izime injini inapomfikia mtu majini, na iwe na redio iliyo wazi kwenye chaneli 16, ambayo ndiyo ya dharura duniani kote. Vyombo vihesabiwe vikiondoka na vihesabiwe vikirudi.

Kanuni za kupishana, zile za kimataifa za mwaka 1972, wengi wetu tunazijua kwa vitendo. Mwenye upepo upande wake wa kushoto humpisha mwenye upepo wa kulia, na wakiwa upande mmoja, aliye goshini, upande unakotoka upepo, humpisha aliye demani, upande unakokwenda upepo. Tatizo letu halijawahi kuwa kutojua. Tatizo ni ile sauti ya pwani inayokushangilia usipishe.

Mashua yetu inashuka Jumanne, maji yakijaa. Ami amesema atakuja na kisu chake tena. Upo mpya tumeuchonga, na kabla haujafua hata tone moja umekwisha kufungwa kwenye taruma kwa kamba yenye urefu wa mkono wa mtu, fundo nimelifunga mimi mwenyewe, na nimelijaribu kwa kulivuta mara mbili.