Sikio la mdogo wangu lilikubali kisu, kifua changu kikakataa

Hii ni habari ya keloidi yangu, kovu lililokataa kuacha kukua. Mwaka 2017 nilikuwa nachemsha mawese nyuma ya nyumba yetu, Ujiji, Kigoma. Anayeifanya kazi hii anaijua hatua ya mwisho: chikichi zimeshachemshwa na kukamuliwa, mafuta yanarudishwa jikoni ili maji yakauke. Maji yakibaki chini ya sufuria, mafuta yanalipuka. Yalinirukia kifuani, matone manne, moja kubwa kuliko mengine, pale katikati ya kifua chini kidogo ya shingo.

Vidonda vitatu vidogo vilikauka ndani ya wiki mbili. Kile kikubwa kiliingia usaha, kikachukua zaidi ya mwezi. Na hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Makovu mawili kati ya yale madogo yaliinuka kidogo, yakawa magumu, lakini hayakuvuka pale mafuta yalipogusa, na baada ya mwaka yalikuwa yameshalala yenyewe. Lile kubwa halikulala. Lilivuka mpaka wake, likaanza kula ngozi nzima ambayo haikuungua kabisa. Likawa linang'aa, gumu, na muwasho wake usiku sikuwahi kuuona mahali pengine. Nilikuwa naamka nakuta nimelikuna hadi damu.

Watu walisema mengi. Shemeji yangu alisema nimechezewa. Jirani akaniletea ndimu na kitunguu saumu, nikapaka, ngozi ya pembeni ikaungua na nikapata kidonda kipya juu ya kovu. Mafuta ya mise, yale ya kokwa la chikichi, ndiyo pekee ambayo hayakunidhuru. Yalilainisha ngozi, muwasho ukapungua kwa saa chache, lakini kovu lenyewe halikupungua hata kidogo.

Sasa nieleze kilichonipoteza. Mdogo wangu, alipokuwa chuoni Mwanza, alitoboa tundu la pili la sikio, na nyuma yake pakaota kinundu kikubwa kama tunda la chikichi. Alikatwa hospitali, akapona, sikio lake leo safi. Nilipomwuliza, nilisikia neno moja tu: kukatwa. Habari za sindano alizochomwa siku ileile na kila mwezi baadaye, na kile kibanio alichovaa sikioni usiku na mchana kwa nusu mwaka, nilidhani ni mambo ya kutunza kidonda tu. Kumbe ndiyo ilikuwa tiba yenyewe.

Mwaka 2018 nikaenda kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, nikaomba nikatwe. Ilichukua muda mfupi. Nilishonwa, nikaambiwa nirudi kutoa nyuzi, basi. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, hakuna aliyenitajia sindano. Baada ya siku kumi nilikuwa nainua ndoo za lita 20. Kufika mwezi wa nne tangu nikatwe kovu lilikuwa limerudi, refu kuliko lile la kwanza, na kila tundu la uzi limeota kinundu chake kando. Ukilitazama, ni tandu amelala kifuani. Nililia siku ile, si kwa uzuri wa mwili, ila kwa sababu nilikuwa nimelipia maumivu yangu mwenyewe.

Mwaka 2019 mdogo wangu akasema, "Dada, safari hii huendi peke yako." Tukapanda basi, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita, tukavuka Busisi kwa kivuko kwa sababu daraja lilikuwa halijakamilika. Daktari bingwa wa ngozi kule Mwanza alinishika kovu, akalifinya, akaniuliza nililala usingizi lini vizuri. Kisha akanifafanulia, na nilikuwa sijawahi kufafanuliwa.

Alisema lile ni keloidi. Makovu yale madogo yaliyolala yenyewe ni aina nyingine ya kovu lililoinuka: hilo hubaki ndani ya mpaka wa jeraha na mara nyingi hushuka. Keloidi huvuka. Mwili unaendelea kutengeneza kolajeni, zile nyuzi za kuunga ngozi, hata baada ya kidonda kufunga. Si saratani na haiambukizi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hutembea katika ukoo, na ina mahali inapopapenda: masikio, mabega, kifua, taya, mgongo wa juu. Jina lenyewe, akasema, limetoka kwenye neno la Kigiriki la gando la kaa. Nilimwelewa haraka, kwetu ziwani kaa tunawajua. Lile la kwangu lilikuwa na magando kila upande.

Nikamwuliza kwa nini mdogo wangu akatwe apone, mimi nikatwe liongezeke. Akanielekeza ninyanyue mikono. Nikanyanyua. "Umehisi kifua kinavyovutwa?" Ngozi ya kifua haipumziki, na mvuto huo ndio chakula cha keloidi. Ndewe ya sikio inaning'inia tu, haivutwi, na unaweza kuibana kwa kibanio. Halafu akaniambia hesabu iliyonikaa kichwani: keloidi ikikatwa bila tiba nyingine yoyote, hurudi kwa watu 45 hadi 100 katika kila mia. Ndiyo maana hata sikioni kisu hakiachwi peke yake.

Njia nyingine alinitajia zote. Mionzi ndani ya siku moja au mbili baada ya kukata hupunguza sana kurudi, lakini kwa mwanamke wa umri wangu, karibu na matiti, hakupenda kuanza nayo. Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika hufaa kwa keloidi ndogo na huacha baka jeupe. Mwanga wa leza hupunguza wekundu na muwasho. Ipo pia sindano ya florourasili, dawa inayotumika kwa saratani, ambayo huchanganywa pale steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ikishindwa peke yake, na haichomwi kwa mwenye mimba. Kwangu alichagua kuanza na sindano za triamsinoloni, ambayo ni steroidi, ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki nne, pamoja na karatasi ya silikoni, yaani karatasi laini kama mpira inayowekwa juu ya kovu. Akaniandikia barua, nikarudi kuchomwa Kigoma kwa tabibu wa ngozi aliyesomea kile kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi. Nashukuru hadi leo kwamba sikulazimika kupanda basi kila mwezi.

Sindano ya kwanza sitaisahau. Kovu gumu halipokei dawa, tabibu anasukuma kwa nguvu zake zote, ni kama kutia maji ndani ya kokwa. Alichanganya na dawa ya ganzi, bado niliuma mtandio wangu. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, wa pili vilevile. Kilichonishikilia ni muwasho: baada ya sindano ya pili nililala usiku kucha. Ya tatu kovu likaanza kuwa laini katikati, na zile zilizofuata sindano ikawa inaingia bila shida.

Silikoni inataka subira ya aina yake. Inavaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi isiyopungua mitatu, na joto la Kigoma mnalijua. Jasho likikusanyika chini yake, ngozi inatoka vipele. Nikajifunza kuivaa kuanzia jioni hadi asubuhi, sidiria ikiishikilia, kuifua kila siku kwa maji na sabuni, na kukausha kifua kabisa kabla ya kuirudisha. Karatasi moja ilinikaa wiki kadhaa.

Madhara nayo yalikuwepo, na naona ni haki mtu aambiwe mapema. Ngozi juu ya kovu ilikonda, ikawa nyeupe kuliko mwili wangu, na vimishipa vyekundu vikaonekana. Hedhi ilivurugika miezi miwili, nikaogopa nina mimba, tabibu akanieleza kwamba dawa hiyo hufanya hivyo na itatulia. Ikatulia. Baadaye alipunguza kipimo na akawa anachoma sehemu ngumu tu.

Kosa langu kubwa lilikuja mwaka 2020. Chikichi zilikuwa nyingi, fedha inaonekana, nikaruka sindano tatu na nikarudi kubeba ndoo. Upande wa kwapa la kulia ukakaza tena, ukaanza kuwasha. Nilimwendea tabibu nikiwa na aibu, hakunigombeza, akasema tu tuanze palepale tulipoachia. Toka siku ile ndoo anabeba mume wangu na kijana tunayemlipa, mimi nasimamia jiko nikiwa nimevaa koti zito lililofungwa hadi shingoni.

Jumla nilichomwa sindano 11. Tandu amelala chini, usawa wa ngozi, baka la rangi ya kahawa yenye maziwa. Sioni haya kuvaa kitenge cha shingo pana. Imebaki ncha moja kule kwapani, ngumu kama punje ya mahindi, tabibu anaipima kwa rula kila baada ya miezi mitatu.

Binti yangu ana miaka tisa, na bibi yake anataka atobolewe masikio kabla ya Idi. Nilimwuliza tabibu. Akasema kwa ukoo wetu ni bora asitobolewe kabisa, ila kama lazima, iwe kabla ya kufika miaka 11, maana baada ya umri huo hatari ya keloidi huongezeka. Nilimweleza mama mkwe kwa heshima, nikafungua kifungo nikamwonyesha kifua changu. Alikitazama muda mrefu, akasema, "Basi mwanangu, tutamnunulia za kubana."