Uvimbe wenye chokaa karibu na goti: usiuite salama mapema

Kijana ana uvimbe nyuma ya goti, unakua polepole, pengine hauumi. Eksirei inaonyesha madoa meupe ya chokaa, anaambiwa ni damu iliyovilia ikakauka. Hivyo ndivyo sarkoma ya sinovia, aina ya saratani ya nyama laini, inavyopita bila kugundulika. Karibu theluthi moja ya sarkoma hizi huwa na chokaa, na nyingine hukaa miaka kabla ya kutambuliwa. Jina lake linapotosha: sinovia ni utando wa ndani ya kiungo, lakini haianzii hapo, huota kwenye nyama za jirani, hasa miguuni, na huwapata zaidi vijana na watu wa makamo.

Inachochanganywa nacho mara nyingi ni mfupa unaoota ndani ya msuli baada ya pigo. Huo una ratiba: chokaa huanza kuonekana wiki ya 3 hadi ya 6, kisha hujenga ganda pembeni, katikati pakiwa hafifu. Osteosarkoma ya nyama laini, saratani inayotengeneza mfupa nje ya mifupa, hupindua mpangilio huo, chokaa nzito ikawa katikati. Mtego ni kwamba chokaa ya sarkoma ya sinovia nayo hupenda kukaa pembeni. Kwa hiyo ganda kamili ni dalili njema. Madoa yaliyotawanyika pembeni si dalili njema. Wala "niligongwa mpirani" si ushahidi, maana nani hajawahi kugongwa goti?

MRI (picha ya sumaku) ifanywe kwa dawa ya kung'arisha picha. Bila dawa hiyo, sarkoma hii huweza kuonekana kama kifuko cha maji tu.

Kisha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kichukuliwe kwa sindano nene, kupitia mstari ambao mpasuaji ataukata baadaye, kwa urefu wa mguu na si kwa kukingama. Kiwekwe kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama. Fomu ya maabara itaje tarehe ya pigo, kwa sababu msuli ulioumia hivi karibuni una seli zinazogawanyika kwa kasi hadi zikafanana na saratani. Kipimo cha SS18, jeni inayovunjika katika sarkoma ya sinovia, huondoa shaka nyingi.

Kosa baya kuliko yote ni kuung'oa uvimbe kabla ya picha na kinyama. Seli hubaki, damu huzisambaza jerahani, na upasuaji wa pili hulazimika kukata nyama nyingi zaidi. Uvimbe unaozidi sentimita 5, ulio chini ya utando wa misuli, au unaoendelea kukua, upelekwe kwa wataalamu wa sarkoma bila kuguswa na kisu. Udogo nao usikutulize: sarkoma hii huweza kuwa chini ya sentimita 5.

Ikithibitika, kifua kipigwe CT, kwani mara nyingi huenea kwanza kwenye mapafu.