Nusu ile ya mwisho

Mahari ya dada imepokelewa Jumamosi, wageni wa Bondo wamekula wakashiba, na mimi nimebaki na maneno ya Shem. Tulikuwa tunakausha sahani, nikamwonyesha kwenye simu klipu ya Eileen Gu, yule bingwa wa kuruka kwa skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji.

"Huyo si mwanamichezo, ni bango. Angekuwa na sura ya kawaida ungemjua?"

Nikasema, "Wacha hizo, Shem." Basi. Siku tano sasa namjibu upya ndani ya matatu, abiria wananiangalia.

Ningeanza na hesabu. Olimpiki ya majira ya baridi, Beijing 2022, rampu ile iliyo kando ya minara ya kiwanda cha zamani cha chuma. Unaruka mara tatu, miruko miwili bora inajumlishwa, na lazima uzunguke pande tofauti, kwa hiyo upande wako dhaifu hauna pa kujificha. Mfaransa Tess Ledeux alimaliza na 187.50. Gu alikuwa na 93.75 za mruko wa kwanza, wa digrii 1440, yaani mizunguko minne kamili. Kabla ya mruko wa tatu akampigia mama yake simu. Mama akashauri 1440 nyingine, ya upande wa pili, achukue medali ya fedha. Binti akachagua 1620, ambayo hakuwahi kuifanya kwenye shindano.

Minne na nusu. Nusu ile ndiyo shida: umeondoka ukitazama mbele, unatua ukitazama ulikotoka, na ndiyo maana skii zao zimepinda ncha zote mbili. Tena hauzunguki wima kama pia. Unapinduka kwa mshazari mara mbili hewani, na waamuzi wanataka kuona mkono umeshika skii, si kuigusa tu. Ukitua kabla mzunguko haujaisha, ukingo wa skii unang'ata theluji na wewe unabingirika. Alitua. 94.50, jumla 188.25. Pointi 0.75, Shem! Bango gani hilo?

Tena akaongeza dhahabu ya mfereji wa barafu wenye kuta mbili, na fedha ya mteremko wa vyuma na vilima. Louis Vuitton na Tiffany walikuwa naye tayari, sawa, lakini mavazi hayazunguki hewani.

Jana usiku nilikuwa nairudia hotuba hii, nikafika kwenye ile fedha, nikakwama. Dhahabu aliikosa kwa 0.33. Aliyemshinda ni Mswisi, Mathilde Gremaud. Nikafungua simu: klipu za Gu kumi na moja. Za Gremaud, hakuna hata moja.

"Angekuwa na sura ya kawaida ungemjua?"

Sijamwandikia Shem. Nitamwona Jumapili, labda nitaanza na ya Gremaud, nikiipata.

Tangi nalo limeanza kuvuja tena chini ya bomba, palepale fundi alipoziba Machi, na mawingu upande wa ziwa leo si ya kawaida.